Asumini za Siku ya Bamvua

Namshukuru Mwenyezi Mungu aliyeniachia vidole. Magoti ameyachukua, meno ameyachukua karibu yote, na sikio la kushoto silitegemei tena. Lakini vidole bado vinashika sindano, na hiyo ni neema ambayo wengi wa rika langu hawakuipata. Nawaandikia ninyi mnaoshona maua leo, wajukuu wangu wa damu na wajukuu wangu wa kazi, kwa sababu ya jambo dogo lililotokea mwezi uliopita.

Mjukuu wangu Rehema alipata kazi ya maua ya harusi huko Nyali. Akayanyunyizia maua maji, akayatia kwenye friji, akaenda zake kuoga. Mimi nikaifungua ile friji. Nikaifunga. Nikaifungua tena. Aliporudi alinikuta nimesimama pale mara ya nne, mlango uko wazi, uso umepigwa na baridi.

"Nyanya, ukifungua hivyo baridi yote itatoka! Una nini?"

"Maji uliyoyanyunyizia maua, uliyaonja?"

"Nyanya! Nani anaonja maji ya maua?"

Akacheka mpaka akaketi sakafuni. Sikukasirika. Lakini moyo ulinidunda mchana kutwa, mpaka aliporudi kutoka harusini akaniambia mambo yalikwenda salama. Basi naona ni haki yenu mjue kwa nini bikizee wa Likoni, aliyeshona maua zaidi ya miaka hamsini, hawezi kuona ua likinyunyiziwa maji bila viganja kumtoka jasho.

Kazi hii nilifundishwa na Bi Rukia. Alikuwa mwanamke mrefu, mjane asiye na mtoto, na sauti yake ilikuwa ya chini hata ungedhani anazungumza na maua peke yake na wewe umepita tu. Nyumba yake ilikuwa Likoni, karibu na ufuo, na uani alikuwa na vichaka saba vya asumini, miwaridi mitatu na mrehani mwingi. Mimi nilikuwa na miaka kumi na tisa, nimeolewa, mume wangu akipakua meli bandarini. Baba yangu alikuwa mwalimu wa chuo cha Kurani, na ndiye aliyenipeleka kwa Bi Rukia akamwambia, "Binti yangu huyu ana subira." Mkimaliza kusoma mtajua kama baba alisema kweli.

Somo la kwanza lilikuwa la sindano. Asumini haichumwi ikiwa imefunguka. Huchumwa ikiwa tumba, nyeupe, imejaa, kabla haijaachia. Ukilishona tumba, sindano ipite kwenye kikonyo, pale chini palipo na kijani, usilitoboe tumbo. Tumbo likitobolewa, ua likifunguka huanguka. Mimi koja langu la kwanza nililitoboa lote matumboni, kwa sababu tumboni ni laini na kikonyoni ni kugumu. Lilikuwa koja la bwana harusi. Alipotoka msikitini lilimkaa shingoni vizuri, watu wakalisifu. Alipoanza kutembea na wenzake, maua yakaanza kufunguka na kudondoka, moja hapa, moja pale, na watoto nyuma wakiyaokota kama kuku wanaofuata mahindi. Alipofika kwa mkewe alikuwa amevaa uzi.

Nilidhani Bi Rukia atanifukuza. Alinipa sindano na kikapu cha maua ya mpapai, akaniambia nishone koja la kukaribia kumfika mtu miguuni, nikimaliza nilifumue, nishone tena. Nilishona maua ya mpapai kwa siku tatu. Mpaka leo sipendi mapapai.

Alikuwa pia mtu wa kujifunza. Mwanamke mmoja wa Kizungu aliyekuwa na nyumba upande wa Shelly Beach alikuwa akichukua mawaridi kwake. Siku moja alituonyesha kulikata shina la waridi mshazari, shina lenyewe likiwa limezama ndani ya ndoo, ili lisivute hewa. Bi Rukia alisikiliza kwa adabu, akajaribu, waridi likakaa siku nne badala ya mbili.

"Anajua kazi huyu," akaniambia, "ingawa wasema watu anavaa soksi kwenye jua hili."

Yule mwanamke naye aliwahi kuuliza mbona tunajisumbua na vikuba. Kikuba, kwa wale mliokulia na maua ya plastiki, ni kifungu kidogo cha asumini, rehani, majani ya waridi na vipande vya mkadi, ambacho mwanamke hukibandika kifuani au nyweleni. Alisema kikuba hufa usiku ule ule. Bi Rukia akamjibu, "Ndiyo kazi yake, memsahabu. Kimeitwa harusi moja."

Nimeshaeleza kazi, sasa nieleze siri, maana bila siri hamtaelewa hofu yangu.

Siku moja nilimwona Bi Rukia anatia uzi kwenye tundu la sindano kwa ncha ya ulimi. Nilidhani ni ufundi. Nikajaribu, nikajichoma. Akanisikia nikilalamika, akacheka. Halafu akaniambia nifunge mlango.

"Zuhura."

"Bee."

"Nina mtoto wa jicho. Macho yote mawili. Naona mwanga na naona kiza, na kama kitu kimepita naona kimepita. Zaidi ya hapo sioni."

Niliitazama ile sindano mkononi mwake, imeshatiwa uzi.

"Hakuna ajuaye ila Mola, na sasa wewe. Watu wakijua, nani atampa biarusi mwanamke asiyemwona biarusi? Sina mume, sina mwana. Nina mikono hii na jina langu. Basi wewe utakuwa macho yangu. Nikikuuliza rangi, niambie rangi. Usinipambie."

"Nimesikia, Bi."

Kuanzia siku hiyo kazi ilinitia wasiwasi ambao sikuwa nao mwanzo. Tukiingia katika nyumba ya watu nilikuwa natangulia nusu hatua na kumwambia polepole, "kizingiti, Bi," "mkeka kulia, Bi," na kila mtu akinitazama nilihisi ameshatambua.

Ilikuwa miaka ile ya vita vya pili vya dunia. Bandari ilijaa meli na askari, na ilitoka amri kwamba jua likizama taa zisionekane nje. Madirisha yalizibwa kwa vitambaa vyeusi. Uzi wa pamba ulikuwa haupatikani, tukarudi kwenye nyuzi za mgomba. Nawapa faida hapa: uzi wa mgomba, ukiuchana mwembamba na kuuroweka, ni bora kuliko wenu wa nailoni. Hauchani ua, na unakaa na ubaridi wake ndani ya koja mpaka mwisho. Vita vilitufundisha hilo.

Lakini giza lilituletea shida. Biarusi wetu hutolewa mbele ya wanawake akapambwa na kutazamwa, na hapo zamani ilikuwa ni baada ya isha, taa zimewaka. Sasa watu wakaanza kumtoa biarusi baada ya alasiri, ili mambo yaishe kabla ya magharibi. Na asumini haijui habari za vita. Asumini hufunguka jua likizama. Ukimvika biarusi saa kumi jioni, umemvika matumba yaliyofumba, hayana harufu wala sura.

Bi Rukia akapata njia ya kuyadanganya maua. Tuliyachuma alfajiri, tukayafuta umande kwa kanga kuukuu, kwa sababu umande ukikaa juu ya tumba huacha doa. Kisha tuliyanyunyizia maji kidogo sana kwa ncha za vidole, tukayafunga katika jani la mgomba, juu yake kitambaa kizito, tukayatia ndani ya mtungi mtupu, tukaufunika. Ndani ya mtungi ni giza, kuna joto na unyevu. Maua yakadhani magharibi imeingia. Kufika alasiri yalikuwa yameanza kuachia. Msiyatie kamwe kwenye debe au kopo. Bati hutoka jasho na jasho hilo huyaunguza.

Na maji yenyewe yalikuwa na sharti moja, nalo hakuacha kulitaja hata siku moja: uyaonje kwanza.

Palikuwa na visima viwili. Cha chini kilikuwa hatua chache kutoka mlangoni, karibu na ufuo. Cha juu kilikuwa mwendo, upande wa msikiti, na maji yake yalikuwa matamu mwaka mzima. Cha chini nacho kilikuwa kitamu siku nyingi. Ila siku za bamvua, mwezi unapopevuka na bahari ikajaa kupita kawaida, chumvi ilipenya chini kwa chini ikaingia kisimani. Maji hayabadiliki rangi. Hayabadiliki harufu. Ulimi tu ndio unaojua.

Sasa sikilizeni.

Mama Salima wa Mtongwe alikuwa anamwoza bintiye. Nyumba ile ilikuwa nyumba ya kutazamwa. Kitambaa walichovaa wao, mwezi uliofuata kilivaliwa na wote. Fundi waliyemwacha, aliachwa na wote. Walimtaka Bi Rukia ashone koja la biarusi, shada la kichwani na kikuba cha kifuani, vyote vya asumini. Bi Rukia hakulala vizuri wiki nzima. Aliniambia, "Zuhura, hii ikitoka salama, nitapata pumzi ya mwaka mmoja. Isipotoka, wataanza kuniangalia, na wakiniangalia watanijua."

Alhamisi ile alfajiri, siku ya bamvua, tulichuma vichaka vyote saba. Matumba yalikuwa mengi na mazuri, namshukuru Mungu. Bi Rukia akanipa ndoo.

"Kisima cha juu. Na uonje."

"Bee."

Nilikuwa nimefunga. Nilikuwa na siku za Ramadhani nilizokula kwa udhuru, na nilikuwa nazilipa Jumatatu na Alhamisi. Nikafika kisima cha juu nikakuta foleni ya wanawake hadi kwenye ukuta wa msikiti, na ndoo zimepangwa. Nilisimama. Nikaliangalia jua likipanda. Nikawaza maua yaliyolala kwenye mkeka yanangoja. Nikawaza Mtongwe na Mama Salima. Nikaigeuza ndoo nikarudi kisima cha chini.

Nilipoyateka nilikumbuka kuonja. Hilo lazima niliseme. Nilikumbuka kabisa. Nikajiambia, mimi nimefunga, siwezi kutia maji mdomoni. Nikajisikia mcha Mungu. Nikayapeleka.

Tukayanyunyizia maua, tukayafunga, tukayatia mtungini. Bi Rukia akaketi karibu na mtungi akivuta tasbihi.

Ilipokaribia adhuhuri tuliufunua mtungi ili tuanze kushona. Nikafungua jani la mgomba.

Sijui niwaelezeje. Matumba ya juu yote yalikuwa yamegeuka rangi kwenye ncha. Hayakuwa yamenyauka. Yalikuwa imara, yameanza kuachia kama tulivyotaka, lakini kila ncha ilikuwa na ukingo wa rangi ya chai. Nilijua papo hapo. Mdomo wangu ulikauka, na haikuwa saumu.

Bi Rukia akanyoosha mkono, akayapapasa.

"Imara," akasema, na uso wake ukafunguka. "Yanaachia. Rangi je?"

Nikasema, "Nyeupe, Bi."

"Nyeupe namna gani?"

"Kama... kama mchele."

"Alhamdulillahi," akasema Bi Rukia, akachukua sindano.

Basi tukashona. Yeye anashona kwa vidole, kikonyo baada ya kikonyo, na mimi namchagulia na kumpa mkononi, na kila tumba nililompa lilikuwa ni uongo mwingine. Alikuwa na furaha. Alianza kunisimulia harusi za zamani, nani alizimia, nani aliketi juu ya keki. Nami nilikuwa napiga hesabu ya kishetani: mchana chumbani kutakuwa na watu wengi, madirisha yana vitambaa vyeusi, huenda mwanga usiwe mwingi. Huenda wasione. Kisha naliona koja linavyorefuka, lote na kingo zake za chai.

Pakapigwa hodi. Alikuwa Mama Kadzo, jirani yetu Mkristo aliyetoka Rabai, ambaye mumewe alifanya kazi kwenye kivuko. Yeye ndiye aliyekuwa akituletea maua ya mkadi na langilangi. Niliruka nikamzuia mlangoni.

"Mbona wanisimamisha nje kama polisi?" akasema. "Leo nimekuwa mwizi?"

"Shikamoo. Sema polepole, Mama Kadzo."

"Marahaba. Kuna mgonjwa?"

Nikamwonyesha tumba moja nililokuwa nimelificha kwenye kiganja. Akalitazama, akalinusa, akanitazama mimi.

"Maji ya chini," akasema.

Nikaitikia kwa kichwa.

"Na yeye hajui?"

Hapo nikaelewa kwamba Mama Kadzo alikuwa anajua habari ya macho. Nikamwambia, "Mwambie wewe, Mama Kadzo. Wewe ni mtu mzima. Mimi siwezi."

Akauweka mzigo wa mkadi chini, akafunga leso yake vizuri. "Mimi nikimwambia maua yake mabaya, nitakuwa nimemwambia hana macho. Wewe ukimwambia, macho yake ndiyo yaliyosema. Nenda."

Nilirudi ndani nikaketi, nikaendelea kumpa matumba. Azana ikaitwa. Tukatawadha, tukasimama kusali, yeye mbele yangu kidogo. Nilisoma nikafika mahali tunapomwomba Mungu atuongoze njia iliyonyooka, na pale ulimi ukakwama. Nikairudia. Ukakwama tena. Mwili wake ulirukuu mbele yangu na mimi bado nimesimama. Mtoto wa mwalimu, niliyeihifadhi sura ile kabla sijajua kusuka mkeka, nilishindwa kuisoma. Sikumbuki nilimalizaje. Alipotoa salamu tu, nikasema nikiwa bado juu ya msala:

"Bi, maua yameungua. Ncha zote. Nilikudanganya."

Hakugeuka. Akamaliza uradi wake. Muda ule kwangu ulikuwa mrefu kuliko vita vyenyewe.

"Uliyaonja maji?" akauliza.

"Nilikuwa nimefunga, Bi."

"Baba'ko mwalimu. Hakukufundisha mwenye kufunga afanyeje akiwa na haja ya kuonja?"

Alinifundisha. Alinifundisha kwamba mpishi aliyefunga anaweza kuonja chumvi kwa ncha ya ulimi, akatema, na saumu yake haiharibiki. Nilikuwa naijua mas'ala hiyo tangu utotoni.

"Alinifundisha, Bi."

"Basi uliacha kuonja kwa ajili ya Mungu, ama kwa ajili ya foleni?"

Wajukuu wangu, nimeulizwa maswali mengi katika maisha yangu, na mengine nitaulizwa karibuni na wasiokubali visingizio. Hakuna lililonichoma kama lile.

"Kwa ajili ya foleni," nikasema.

"Haya. Lifumue koja."

Hakunipigia kelele. Ningependa angenipigia kelele. Akamwita ndani Mama Kadzo, aliyekuwa bado anangoja nje, akatuketisha, akanituliza mikono kwa kuipa kazi. Nilitenganisha matumba moja moja. Yale ya katikati ya fungu, ambayo maji hayakuyafikia, yalikuwa meupe. Yalijaa viganja viwili. Bi Rukia akayanusa yote, akayatoa matatu ambayo mimi nilidhani ni mazuri, akayatupa.

"Haya ni ya kikuba. Koja tutashona la mkadi."

"Mkadi, Bi?" Mkadi ulikuwa wa kutia kwenye masanduku ya nguo ziwe na harufu. Sikuwa nimemwona biarusi aliyevikwa koja la mkadi.

"Wewe una asumini nyingine?"

Sikuwa nayo.

Sikilizeni ilivyofanywa, maana mkadi unadhaniwa ni ua la kizee. Unayabandua majani meupe ya ndani kabisa, yale laini yenye ungaunga. Kingo zina miiba midogo, unaiondoa kwa kisu ukivuta kutoka shinani kwenda nchani, si kinyume, ukienda kinyume unachana jani na kidole. Kila kipande unakikunja mara mbili kama unavyokunja barua, unakipitisha uzi pale pa mkunjo, kisha jani la waridi, kisha mkadi tena. Mkadi hautaki maji. Waridi ndilo lililotaka, na Mama Kadzo mwenyewe alikwenda kisima cha juu. Aliporudi alisimama mlangoni akanywa kata nzima mbele yetu.

"Matamu," akasema. "Na nilikuwa na kiu."

Shada la kichwani tulilishona la langilangi na rehani. Tulimaliza azana ya alasiri ikiitwa. Tukasali, tukafunika kikapu kwa kitambaa chenye unyevu, tukashika njia ya Mtongwe, Bi Rukia ameniwekea mkono begani.

"Tutaingiaje, Bi?" nikamwuliza. "Tutasemaje?"

"Tutasema kabla hawajafunua kikapu. Wakituona tumeficha kimoja, watatafuta kingine tulichokificha."

Nilijua kingine ni kipi. Mkono wake ulikuwa mzito begani kwangu.

Mama Salima alitupokea ukumbini, amejifunga kanga kiunoni, jasho linamtoka, wanawake wamejaa hadi ngazini.

"Bi Rukia! Nimekufa kwa kungoja. Asumini zangu ziko wapi?"

"Asumini zimeharibika mikononi mwangu," akasema Bi Rukia. Hakusema mikononi mwa Zuhura. "Zilizosalimika ni za kikuba. Koja nimelishona la mkadi na waridi."

Mama Salima akafunua kikapu.

"Mkadi! Mwanangu atoke mbele ya watu na mkadi, kama kanga zilizokunjwa sandukuni?"

"Ndiyo. Na kuna jingine ujue leo, usije ukaambiwa na watu. Macho yangu hayaoni tena. Huyu Zuhura ndiye anayeniona. Ukitaka kutafuta fundi mwingine, sitakulaumu."

Nilitamani sakafu inimeze. Mama Salima alimtazama Bi Rukia, akanitazama mimi, kisha akashika kiuno.

"Macho yako?" akasema. "Wallahi, Bi Rukia, macho yako twayajua tangu Mfungo Sita, tangu mwezi wa maulidi! Si ndiwe uliyembandika shangazi yangu kikuba cha biarusi, ukamwombea na dua apate mtoto wa kiume? Ana miaka sitini shangazi!"

Wanawake wakaangua kicheko, na shangazi mwenyewe, aliyekuwa amekaa kwenye kiti cha pembeni, akasema, "Naye bado namngojea."

Bi Rukia aligeukia kicheko kile. Akauliza polepole, "Mlijua, na mkaniita?"

"Twakuita kwa sababu ya pua yako na vidole vyako. Macho tunayo wenyewe. Lakini mkadi, Bi Rukia!" Na hapo akakasirika kwa kweli, maana watu wameshafika na siku haina nafasi ya kurudi nyuma. "Haya, mvike. Mvike, na Mungu atustiri."

Tukamvika Salima. Jua la jioni liliingia kwa dirisha moja ambalo kitambaa chake kilikuwa kimefungwa juu, na majani ya mkadi yalikaa shingoni mwake meupe yaliyoelekea rangi ya siagi, na waridi katikati. Bi Rukia alimpapasa mabega yote mawili kuona kama koja limelingana, akakibandika kikuba mahali pake hasa, juu ya moyo. Biarusi alipotolewa, harufu ilimtangulia.

Sitawadanganya kwamba wote walipenda. Mwanamke mmoja alifyonza, akasema biarusi ananuka kama sanduku la nguo. Mama Salima akamsikia.

"Sanduku la nguo za nani? Zako hazijanukia hivi tangu uolewe."

Ndugu yake Mama Salima, alipomwoza bintiye baadaye, alikwenda kuchukua maua kwa mshonaji wa Kisauni. Mama Salima mwenyewe aliendelea kutuita, na kila mara alisema mbele ya watu, "Asumini, Bi Rukia. Asumini!" Hakuacha kulikumbusha hilo. Bi Rukia alifanya kazi miaka mingine sita, watu wakijua haoni, nami nikimwambia rangi. Na rangi niliyomwambia ilikuwa ile iliyokuwepo.

Lakini jioni ile, azana ya magharibi ilipoitwa, vitambaa vyeusi vilikuwa vimeshashushwa na wanawake wanafunga watoto migongoni waende zao. Mimi nilikuwa nimeketi nyuma ya mlango na kikapu kitupu, koo limekauka, sijui kama nina haki ya kufuturu katika nyumba ile. Mama Salima akapita akaweka sahani ya tende na kata ya maji. Nikanyoosha mkono kuichukua ile kata.

Bi Rukia, aliyekuwa ubavuni mwangu, akaisikia ikikwaruza sahani. Akautafuta mkono wangu, akaichukua kata kutoka kwenye vidole vyangu, akaipeleka mdomoni kwake, akaonja. Akayaweka maji ulimini kidogo, kama alivyonifundisha kuonja maji ya maua. Akameza.

"Matamu," akasema, akanirudishia. "Kunywa."